Mgonjwa Aliyepasuliwa na Usharika Unaomsubiri

Huku kwetu Nanyamba, daktari akitaja uvimbe ndani ya kichwa au ndani ya uti wa mgongo, mazungumzo ya familia husimama. Baada ya kimya huja maswali matatu. Je, huu ni ugonjwa wa hospitali au kuna mkono wa mtu? Akipasuliwa, atapona? Na kama Mungu ndiye mponyaji, kwa nini tusimwombee tu akabaki nyumbani?

Maswali haya hayaulizwi na watu wasiomjua Mungu. Wanaoyauliza ni washarika wanaosali, wanaotoa sadaka na wanaompenda mgonjwa wao. Kwa hiyo yanastahili kujibiwa kwa heshima, hatua kwa hatua. Tutaongeza na swali la nne, ambalo huulizwa mara chache: akirudi kutoka hospitali hajapona, sisi tutakuwa nani kwake?

Ugonjwa wenyewe ukoje

Ubongo umekaa ndani ya fuvu, na fuvu la mtu mzima halitanuki. Kitu chochote kinachokua humo, hata kama si saratani, hubana kilichokuwapo. Ndiyo maana mgonjwa huumwa kichwa, mara nyingi zaidi asubuhi, hutapika, macho yake hupungua nguvu, mkono au mguu wa upande mmoja hulegea, au tabia yake hubadilika mpaka watu wa nyumbani wakasema huyu si yule tuliyemjua. Wengine huanza kupata degedege ukubwani, bila kuwahi kuwa na kifafa utotoni. Hapo ndipo majirani husema amepandwa na jini.

Kwenye uti wa mgongo nafasi ni finyu zaidi. Uvimbe ukikaa pale hubana mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Mgonjwa huumwa mgongo hata usiku akiwa amelala, kisha miguu hufa ganzi, hatua huwa nzito, na mwishoni hushindwa kuuzuia mkojo. Si kila mwenye dalili hizo ana uvimbe. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye mifupa ya mgongo na kuleta hali kama hiyo, nacho kina dawa zake. Ndiyo sababu jambo la kwanza ni kupimwa. Kukisia hakumsaidii mgonjwa.

Hata baada ya kupimwa, uvimbe wa kichwani si wa aina moja. Uko uitwao meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi hukua polepole kwa miaka, na ukiwa mahali panapofikika daktari huweza kuutoa wote, mgonjwa akaishi miaka mingi. Uko pia uitwao glioma, unaotokana na nyama ya ubongo wenyewe. Glioma iliyo kali kuliko zote, glioblastoma, hujipenyeza kama mizizi ya kwekwe katikati ya mihogo: unang'oa unachokiona, na usichokiona kinabaki. Hata katika nchi tajiri, kwa upasuaji, mionzi na dawa zote, wagonjwa wengi wa aina hii huishi mwaka mmoja na miezi michache tu.

Tukikusanya haya, tunaona kwamba matokeo ya upasuaji hutegemea zaidi mambo matatu: aina ya uvimbe, mahali ulipo, na wakati mgonjwa alipofika. Aina hatuichagui. Mahali hatupachagui. Wakati ndio jambo ambalo familia, majirani na usharika wanaweza kulibadilisha. Kwa hiyo ndipo tunapopaswa kuulizana kama Wakristo.

Maombi hayamcheleweshi mgonjwa

Tunajua jinsi wakati unavyopotea kwetu. Kichwa kinauma mwezi wa nne, mgonjwa ananunua dawa za maumivu dukani. Mwezi wa sita anapelekwa kwa mganga. Mwezi wa nane macho yanafifia, na mtu mwenye busara anasema twende hospitali. Lakini mashamba yamekwishakula fedha ya salfa, mkononi hakuna kitu, basi familia inakubaliana kungoja mnada wa korosho. Uvimbe haujui msimu wa korosho. Macho yaliyopotea kwa kubanwa muda mrefu mara nyingi hayarudi hata uvimbe ukitolewa salama. Na kuhusu uti wa mgongo, madaktari wanasema wazi kwamba aliyeingia chumba cha upasuaji akitembea ana tumaini kubwa la kuendelea kutembea kuliko aliyeingia akiwa amebebwa miguu imekwishakufa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Mgonjwa akifika hospitali anaweza kupewa dawa ya kupunguza maji yaliyouzunguka uvimbe. Ndani ya siku chache kichwa kinaacha kuuma, anakula, anacheka. Ndugu wanashukuru, wanasema maombi yamejibiwa, na wanaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Kushukuru ni halali, maana nafuu ile nayo imetoka kwa Mungu. Lakini uvimbe wenyewe bado upo. Dawa imempa mgonjwa nafasi ya kufika mezani kwa daktari akiwa na nguvu, na kuipoteza nafasi hiyo ni hasara kubwa.

Je, kwenda kwa daktari wa upasuaji ni kupungukiwa na imani? Maandiko hayatufundishi hivyo. Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, aliomba kwa machozi na Mungu akamsikia. Katika habari hiyohiyo, 2 Wafalme 20, nabii Isaya akaagiza jipu lake liwekewe mkate wa tini. Ombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja wala havikugombana. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na aliyesafiri naye, Luka, alikuwa tabibu.

Martin Luther naye alikutana na swali hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na katika waraka aliowaandikia wachungaji wa Breslau aliwakemea watu waliokataa dawa na tahadhari kwa kusema wanamtegemea Mungu. Kwake yeye, huko ni kumjaribu Mungu, kwa maana Mungu huyohuyo ndiye aliyeumba dawa na akawapa wanadamu akili ya kuutunza mwili. Lakini Luther yuleyule alibaki mjini pamoja na wagonjwa. Aliheshimu dawa na hakumwacha jirani. Hayo mawili tunayahitaji yote.

Basi tuombe siku ile ile dalili inapoonekana, na siku hiyohiyo tumpeleke mgonjwa kituo cha afya akapate rufaa ya kwenda Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na ikibidi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo hufanyika. Wazee wa kanisa wanaweza kumwekea mgonjwa mikono asubuhi, naye akapanda basi mchana.

Mikono ambayo Mungu ameitumia

Wengine husema kufungua kichwa cha mtu ni kuingilia kazi ya Muumba. Inatusaidia kujua jinsi kazi hii ilivyoanza.

Tarehe 25 Novemba 1884 huko London, daktari Rickman Godlee alimpasua kijana mkulima wa Scotland aliyekuwa na degedege na mkono uliolegea. Picha za eksirei zilikuwa bado hazijagunduliwa. Mwenzake, Hughes Bennett, alipataja mahali uvimbe ulipo kwa kuzitazama dalili tu, na kweli ukakutwa hapo. Uvimbe ulitolewa. Lakini mgonjwa alifariki siku 28 baadaye kwa sababu ya maambukizi. Miaka mitatu tu baada ya hapo, mwaka 1887, Victor Horsley alitoa uvimbe katika uti wa mgongo wa ofisa wa jeshi aliyekuwa amepooza miguu kwa mateso makali, na mtu yule akasimama, akatembea, akarudi kazini.

Mmoja alikufa na mwingine alitembea. Hatuwezi kusema huyu alikuwa na imani na yule hakuwa nayo. Tunachoweza kusema ni kwamba kila anayepasuliwa salama leo amefaidika na maumivu ya waliotangulia, akiwamo yule mkulima aliyeishi siku 28.

Tuje nyumbani Tanzania. Katika nyanda za Mbulu, mkoani Manyara, iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway katika miaka ya 1950. Mwaka 2006 alifika pale daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na mabingwa watatu tu wa kazi hiyo. Haydom hapakuwa na hata msumeno wa kufungulia fuvu. Alipoletwa mtu aliyeumia vibaya kichwani, daktari alinunua kwa mkulima msumeno wa kukatia miti, akautakasa kwa utaratibu wa hospitali, akautumia, na mgonjwa akaokolewa.

Habari hiyo watu hupenda kuisimulia kwa sababu ya ule msumeno. Lakini kilichofuata kina uzito zaidi. Ellegala alijua kwamba ataondoka, na akiondoka wagonjwa watabaki. Akamchagua daktari msaidizi wa pale pale, Emmanuel Mayegga, mtoto wa nyumba ya udongo ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, akamfundisha kwa miezi kutoa uvimbe na kutibu watoto wenye vichwa vikubwa kwa sababu ya maji. Kisha akamfundisha namna ya kumfundisha mwingine. Na Mayegga akafundisha mwenzake.

Sisi Walutheri tunasema kazi ya kila mtu ni wito, na kwamba Mungu hutulisha kwa mikono ya mkulima na mwoka mikate. Haydom inatuonyesha kwamba Mungu hutibu pia kwa mkono wa daktari msaidizi aliyefundishika. Anayemwomba Mungu aponye, kisha akaukataa mkono ambao Mungu ameuandaa kwa miaka mingi, aangalie asije akawa amelikataa jibu la ombi lake mwenyewe.

Mgonjwa aambiwe ukweli

Katika desturi zetu za Kimakonde, jambo kubwa la ukoo haliamuliwi bila mjomba. Desturi hii ina uzuri wake: mgonjwa habebi uamuzi mzito akiwa peke yake. Lakini mara nyingi hutokea kwamba wajomba na kaka wanaitwa pembeni na daktari, wanaambiwa kila kitu, na mgonjwa mwenyewe anaambiwa ana kijivimbe kidogo kitatolewa. Anaingia kwenye upasuaji mkubwa bila kujua kwamba anaweza asirudi, au akarudi bila kusema, au bila kuona. Hakuagana na watoto. Hakuandika mambo ya shamba. Hakupata nafasi ya kuungama na kupokea Meza ya Bwana akijua anakokwenda.

Huko ni kumpenda kwa njia inayomnyima haki yake. Luther, katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba, na alama mojawapo ya theolojia ya msalaba ni kukiita kila kitu kwa jina lake. Uvimbe tuuite uvimbe. Hatari tuiite hatari. Mwenye mwili ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, kwa upole, mjomba wake akiwa ameketi karibu naye.

Ukweli huu husaidia pia katika swali gumu la fedha. Je, ni lazima kuuza shamba la mikorosho ili mgonjwa apasuliwe? Hatuwezi kutoa jibu moja kwa wote. Kama daktari anasema uvimbe ni wa aina inayotoka na mgonjwa ana tumaini la miaka mingi, kutoa mali kwa ajili yake ni upendo wenye busara, na usharika uingie humo kwa michango kabla mikorosho haijauzwa. Pia aonwe afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwasikiliza wasio na uwezo. Lakini kama ni ule uvimbe mkali uliokwisha kurudi, na upasuaji wa pili unatarajiwa kuongeza wiki chache tu za kulala wodini, mgonjwa akisema sasa inatosha, nirudisheni Nanyamba nikae na wanangu, huyo hajaikana imani. Uhai ni zawadi ya Mungu. Sisi tunautunza uhai, lakini anayeabudiwa ni aliyeutoa. Mkristo ana uhuru wa kupokea matibabu, na ana uhuru wa kuyaacha pale yasipoweza tena kumfaa.

Atakaporudi

Sasa tufike kwenye swali la nne. Tuchukulie washarika wawili wamekwenda Dar es Salaam katika mwezi mmoja. Wa kwanza anarudi akitembea, kovu likionekana chini ya kitambaa. Jumapili anaitwa mbele, anatoa ushuhuda, kwaya inaimba, sadaka ya shukrani inatolewa. Ni haki kabisa. Wa pili anarudi kwenye kiti cha magurudumu, ana mpira wa mkojo, na maneno yake hayatoki sawasawa. Huyu haitwi mbele. Anasalimiwa kwa haraka mlangoni. Baada ya miezi miwili haji tena ibadani, na mtaani pananong'onwa kwamba labda kuna dhambi iliyofichwa, au hakuomba kwa imani.

Mnong'ono huo unapingana na Injili. Paulo, aliyewaponya wengi, anaandika katika 2 Timotheo 4 kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Hamlaumu kwa neno hata moja. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na haukuondolewa. Yakobo alishindana usiku kucha, akapata baraka, na kulipopambazuka alikuwa akichechemea. Kama tungekuwa pale tungetazama mguu wake na kusema ameshindwa. Biblia inaueleza usiku huo kuwa ndio alipopewa jina jipya. Na wale vijana watatu katika Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa hawataabudu sanamu. Imani yao ilikuwa kamili kabla hawajajua tanuru itawafanya nini.

Ataulizwa mtu: mbona Waraka wa Yakobo unaahidi kwamba kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa? Unaahidi, nasi tunaomba kwa ahadi hiyo bila kuona haya. Lakini tuangalie Yakobo anamwagiza nani. Anawaagiza wazee wa kanisa waende kwa mgonjwa. Mzigo wa kuomba amewapa wao. Mgonjwa hakuamriwa kuonyesha kiwango cha imani ndipo apone. Na kuokolewa kunakoahidiwa kunakwenda mbali kuliko chumba cha upasuaji, hata siku ile Bwana atakapomwinua kila aliyelala katika yeye. Matokeo ya upasuaji humwambia daktari kuhusu uvimbe. Hayasemi chochote kuhusu kama mtu huyu anapendwa na Mungu. Hilo lilikwisha kusemwa katika ubatizo wake.

Kwa hiyo tunauomba kila usharika na kila mtaa ufikiri mapema. Katika Marko 2, aliyepooza alifika kwa Yesu kwa sababu watu wanne walimbeba, na njia ilipozibwa wakafumua dari. Tunahitaji wanne wa namna hiyo kwa kila mgonjwa. Mmoja awe wa safari na rufaa, anayejua atafikia wapi Dar es Salaam. Mmoja awe wa fedha, aanzishe mfuko wakati wa msimu ili usitafutwe wakati wa kiangazi. Mmoja awe wa nyumbani, aangalie watoto, mbuzi na shamba mwenyewe akiwa hayupo. Na wa nne awe wa baada ya kurudi, ambaye kazi yake ni ndefu kuliko ya wote.

Wa nne huyu ataomba hospitali impe mafunzo kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Atajua kwamba asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Atajua mazoezi ya viungo, usafi wa mpira wa mkojo, na kwamba dawa za degedege haziachwi kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Atakumbusha tarehe ya kliniki na safari ya mionzi pale Ocean Road ikiwa imeagizwa. Jirani Mwislamu akitaka kushika zamu, ashike, tena kwa shukrani. Katika misiba na magonjwa Nanyamba imezoea kubebana bila kuulizana dini.

Na Jumapili ya shukrani ikifika, aliye kwenye kiti cha magurudumu apewe nafasi ileile mbele ya madhabahu. Kama maneno hayatoki, asimame mwingine amsemee. Asiulizwe kama amepona. Atuambie Mungu alikuwa naye wapi: wodini, usiku wa kabla ya upasuaji, ndani ya basi la kurudi Mtwara. Watoto wetu wakimsikia huyu pamoja na yule aliyerudi akitembea, watajifunza habari yote ya Mungu, si nusu yake. Na siku wao watakapoambiwa neno uvimbe, watakwenda hospitali mapema, wakijua kwamba vyovyote itakavyokuwa, kuna usharika unaowasubiri.